Tuzo ya Kilio

Mohoro nzima walimjua Bi Mwantum kwa mambo mawili: wali wake usioshikana, na macho yake makavu. Msiba ukiingia nyumba yoyote, yeye hakukaa jamvini na wanaolia. Alijifunga kibwebwe, akaenda uani, akashika mwiko, na sufuria la watu mia halikumbabaisha. Mume wake mwenyewe alimzika hivyohivyo, akipika. Wenzake walimtania kwamba hata kitunguu hakimlizi, naye aliwajibu waje wakate wao basi, kama machozi yamewazidi. Sasa mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyekuja kupewa tuzo ya kulia, tena Dar es Salaam, mbele ya mataa na watu waliovaa magauni ya kuburuza. Dunia ina vituko vyake, na hiki kilianzia chumbani kwake mwenyewe.

Kijana mmoja mwongozaji filamu, jina lake Amri, alishuka Mohoro kiangazi cha mwaka juzi na watu wake na mitambo yao. Alikuwa anatafuta nyumba ya kufia mtu. Alitaka ya udongo, yenye ua mpana na mashamba ya mpunga kwa nyuma, akaipata ya Bi Mwantum. Wakapatana: watatumia nyumba, watatumia majamvi, na mwenye nyumba atawapikia. Bi Mwantum hakuulizia hadithi yenyewe ya filamu inahusu nini. Aliulizia wako wangapi, na kama kuna asiyekula samaki.

Hadithi ilikuwa ya mama aliyefiwa na mwanawe. Mama walikuja naye kutoka mjini, mwigizaji mwenye jina lake, na marehemu pia walikuja naye. Tabu ikawa kwa marehemu. Kijana yule alikuwa amekubali kufa tangu wako Dar, lakini alipoiona bafta imekunjuliwa kitandani, na pamba pembeni, akasema yeye sanda havai. Huo uchuro, akasema, na yeye ana mama yake anamngoja nyumbani. Walimbembeleza mpaka wakachoka. Akaenda zake dukani kukaa na soda.

Hapo ndipo Abdulrazaq alipojitia. Abdulrazaq ndiye mtoto pekee wa Bi Mwantum, kijana wa bodaboda, mtu wa mzaha tangu asubuhi, na alikuwa amemwoa juzijuzi binti wa Mtunda aitwaye Mwanawetu. Mama yake alijua kampeleka abiria Kibiti. Kumbe karudi, kasimama dirishani anachungulia mambo ya sinema, na aliposikia anatakiwa mtu wa kulala tu asitikisike, akasema hiyo kazi kazaliwa nayo. Wakamvisha, wakampaka poda, wakamtia pamba puani, wakamlaza kwenye kitanda cha mama yake. Hakuna aliyekumbuka kwenda jikoni kumwambia mwenye nyumba. Watu wa mjini walidhani watu wa Mohoro wameshamwambia, na watu wa Mohoro walidhani wa mjini wanajua wanalolifanya.

Kamera zikawashwa. Mwigizaji akaingia, akafunua uso wa maiti, akalia vizuri kabisa, machozi mawili mawili, mtu anayeuonea huruma wanja wake. Amri akamwambia arudie. Akarudia. Kina mama wa Mohoro walioitwa kuja kujaza jamvi wakaanza kutazamana. Wakati huohuo Bi Mwantum alikuwa anatoka uani na mwiko mkononi, anakwenda kuuliza nani kalichukua jamvi lake jipya. Akapita mlango wa chumba chake, akauona uso.

Macho yaliona, akili haikuulizwa. Alijua fika kwamba hapo nyumbani kwake pana filamu, ameipikia tangu alfajiri. Lakini juu ya kitanda chake alilala Razaki wake, kafungwa kidevu, kazibwa pua, mweupe. Mwiko ukadondoka. Sauti iliyomtoka wanawake wa Mohoro hawakuwa wameisikia kwake tangu wamjue. Alimwita kwa jina lake lote, kisha kwa jina la utotoni. Akamwuliza mbona hujaaga. Akamwuliza unaniacha na nani. Akamshika miguu akaitikisa. Mwigizaji wa mjini alijibanza ukutani. Na Amri, Mungu amsamehe, alikaa kimya nyuma ya kamera yake akaiacha iendelee.

Aliyeimaliza kazi ni marehemu mwenyewe. Alikaa kitako ndani ya sanda. "Mama, mie huyu," akasema, na sauti inapita kwenye pamba. "Mzima, mama."

Bi Mwantum alimtazama. Akainama, akaokota mwiko, akampiga nao la bega. La pili akampiga Amri. Kisha akarudi jikoni, maana wali ulikuwa unaungua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na hadithi ile ikatembea mpaka Umwe. Asiyecheka alikuwa Mwanawetu peke yake. Yeye alisema mumewe kajichuria kifo, akamnunia siku nzima, hata chakula hakumtengea.

Filamu nzima ikageuzwa ikaufuata ule msiba. Mwigizaji wa mjini akafanywa shangazi. Bi Mwantum akaombwa awe ndiye mama, akasema fanyeni mnavyotaka, akapigwa picha akitwanga, akipita kwenye majaruba ya mpunga, akikaa kibarazani bila kusema kitu. Hayo yote aliyafanya kama alivyokuwa akiyafanya siku zote. Kilio kile hakikurudiwa, hakikuwa na haja ya kurudiwa.

Masika yaliyofuata, lori lilimkuta Abdulrazaq barabarani anatoka Kibiti. Hili sitalirefusha. Aliletwa, akaoshwa, akavishwa, akalazwa kwenye kitanda kilekile, na kina mama wakatandikiwa majamvi yaleyale. Wakamwita Bi Mwantum aje amuage mwanawe. Akapita katikati yao, akafunua uso.

Kilio kikaja. Kilipanda vizuri tu, kikafika kooni, na kilipofika kooni akakijua. Ni kilekile. Maneno yake yaleyale, mbona hujaaga, unaniacha na nani. Wanawake wote waliokaa pale walikuwa wameshakisikia, wameshakichekea, wengine walikuwa wakimwigiza kisimani. Akaona watasema huyo, kaanza. Akaona hata yeye mwenyewe hana hakika. Akakimeza. Akasimama pale amemshika mwanawe kidole gumba cha mguu, na kuna mahali ndani yake palikuwa pakingoja kijana akae kitako aseme mie huyu. Hakukaa. Basi akamfunika, akatoka uani, akashika mwiko.

Tangu siku ile hakuhisi kitu. Usije ukadhani ilikuwa huzuni. Huzuni angeijua, alishakutana nayo. Hii ilikuwa kama mkono ulioulalia usiku, ukiamka uko pale pale begani pako lakini si wako. Chai ilimuunguza ulimi akajua kesho yake, alipoona ngozi imebabuka. Alikwenda shambani kuamia ndege, akapanda dunguni, akashika kombeo, na ndege wakashuka wakala mpunga yeye akiwatazama. Watu walisema. Watu wa kwetu hawana dogo. Walisema alimlilia mwanawe akiwa hai, akamchuria, na alipokufa kweli hakumpa hata tone. Yalimfikia yote. Aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Aliyekuwa naye ndani ni Mwanawetu, mkwe wake, amekaa eda chumbani kwa mumewe, kavaa nyeupe, hatoki. Bi Mwantum alimpelekea maji ya kuoga, alimpelekea chakula, aliondoa vyombo. Hawakuwa na ugomvi. Siku moja Mwanawetu akamwambia akae.

"Mama, nikimaliza eda Shaban atakuja kunichukua." Shaban ni kaka yake, yuko Mtunda. "Siondoki kwa ubaya. Umenitunza, sina la kukulaumu kwa mkono wako. Lakini siwezi kukaa na mtu aliyemlilia mume wangu kwa ajili ya kamera, halafu siku ya kumzika akasonga ugali wa wageni. Nimekuangalia tangu siku ile, mama. Nimengoja. Huna hata chozi."

"Sawa," Bi Mwantum akasema.

Alitaka kusema usiende. Mwanawetu ndiye aliyebaki. Akiondoka yeye, hapatakuwa na mtu mwingine chini ya jua anayejua kwamba Abdulrazaq alikuwa analala kaweka mkono chini ya shavu, na kwamba hawezi kula papai. Watu wawili tu walikuwa wamebaki wanaomjua kwa hivyo, na mmoja anafunga mzigo. Aliyajua hayo kwa akili yake yote. Lakini maneno ya kumzuia mtu yanahitaji kitu nyuma yake cha kuyasukuma, na kitu hicho hakikuwapo. Akasema sawa kwa mara ya pili, akaondoa sahani.

Ndipo Amri akapiga simu. Filamu imeingia kwenye Tuzo za Pazia, akasema, na Bi Mwantum mwenyewe yumo, mwigizaji bora wa kike, yeye na wanawake wengine wanne wa mjini. Alizungumza kwa heshima, akatoa pole upya, akasema asipotaka kuja hakuna atakayemlaumu. Bi Mwantum akasema haya. Amri hakuelewa haya hiyo ni ya ndiyo au ya hapana, na Bi Mwantum naye hakujua.

Aliyeamua ni Bi Sakarbai. Huyu ni bibi wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kibiti, mjane, miguu inamvimba, na Kiswahili chake cha Rufiji kinaweza kumtoa nyoka pangoni. Bafta ya filamu ile ilitoka dukani kwake, na alipouliza nani kafa akaambiwa ni mchezo, alikataa kuikata kipimo cha sanda, akaikata kipimo cha shuka. Bi Sakarbai ni mtu wa tuzo. Tangu televisheni ya kwanza kuingia nyumbani kwao hajapitwa na sherehe moja, za Bombay, za Wazungu, za hapa. Anajua nani alianguka ngazini akipanda kuchukua sanamu lake, nani alitajwa kwa makosa akashushwa, nani alimshukuru mke wa kwanza mbele ya wa pili. Mambo ya wajukuu wake hayajui kiasi hicho.

"Weye Mwantum huna akili," alisema. "Watu wanazeeka wanangoja kuitwa, weye umeitwa unakaa kama gunia. Utakwenda. Mie nitakupeleka."

"Haya, Bi Saka."

"Usinipe haya. Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Kumkatalia Bi Sakarbai ni kazi, na Bi Mwantum hakuwa na nguvu ya kazi. Alipokwenda kumuaga mkwewe, Mwanawetu alikuwa amegeukia ukuta. "Nenda, mama," akasema. "Wanakungoja." Bi Mwantum akachukua mkoba wake akaenda.

Wakaenda na gari la mpwa wake Bi Sakarbai, yeye Bi Sakarbai kakaa mbele na mto chini ya miguu. Kamshonea Bi Mwantum gauni refu la kijani na mtandio wa rangi ileile, na njia nzima alimfundisha. Ukitajwa usiruke. Ukifika juu shika sanamu kwa mikono miwili. Ukishukuru anza na Mungu, usimsahau mwongozaji, na usiseme sana, watakupigia muziki. Bi Mwantum alitazama minazi na mikorosho ikirudi nyuma. Walipofika daraja la Mkapa alikumbuka kwamba alikuwa akilipenda daraja lile.

Ukumbi wenyewe, jamani, sijui nikueleze nini. Zulia lilianzia barabarani. Waliomtangulia walipita wakigeuka huku na huku kupigwa picha, na mmoja gauni lake lilikuwa refu mpaka akawekewa vijana wawili wa kulibeba. Bi Mwantum alipita na Bi Sakarbai mkononi, kwa sababu ya ile miguu, na wapiga picha wakadhani Bi Sakarbai ndiye mwigizaji. Naye hakuwasahihisha. Aliwapa upande wa kulia, akawapa wa kushoto.

Ndani kulikuwa na baridi. Mambo yakatokea mengi, na kesho yake nchi nzima ikayazungumza. Mwigizaji bora wa kiume alipanda akasahau jina la mkewe, akalitafuta hewani mpaka mke akalitamka mwenyewe kutoka kitini. Mpiga picha mmoja mzee, aliyepewa tuzo ya heshima kwa kazi yake ya maisha, alikutwa kasinzia, na watu wote wakamngoja aamshwe taratibu. Mwimbaji wa filamu alishukuru watu wengi mpaka muziki ukaanza kumfukuza, akaimba juu ya huo muziki, na ikawa nzuri kuliko wimbo uliompa tuzo. Tuzo ya filamu bora Amri hakuipata. Alipiga makofi kwa aliyeipata, meno nje, na goti lake moja likicheza chini ya meza. Bi Sakarbai aliyanywa yote. Kila mara alimpiga Bi Mwantum na kiwiko, umeona, umeona, na Bi Mwantum akasema nimeona. Na kweli aliona.

Kisha wakafika kwa waigizaji wa kike. Kwa kila mmoja walionyesha kipande kwenye kioo kikubwa. Cha kwake kikawa ndicho cha mwisho. Mlango wa chumba chake ukaonekana mkubwa kama nyumba. Mwiko ukadondoka. Alijiona anaingia, akasikia sauti inayozunguka ukumbi wote, na pale kitandani, mrefu kuliko alivyokuwa, alilala Abdulrazaq akijizuia asitikisike. Mama yake alimjua mtoto wake. Aliona kope zinavyokaza, aliona tumbo linavyobana pumzi. Watu pembeni yake walikuwa wanapangusa macho. Yeye aliangalia lile tumbo likipanda kidogo na kushuka, akawa analifuata tu, mpaka kioo kikazimwa.

Wakamtaja yeye.

Alipanda. Hakuruka. Alishika sanamu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akamshukuru Mungu, akamshukuru Amri, akamshukuru Bi Sakarbai wa Kibiti, na hapo angeshuka salama. Lakini mshereheshaji, mchekeshaji mmoja mwenye suti ya kumetameta, alimshika mkono. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Mama, majaji wanasema kilio hiki chuo hakifundishi," akasema kwenye kipaza sauti. "Sasa sisi tumetoka mbali. Tupe kidogo tu. Kidogo tu, mama, tuondoke nacho."

Ukumbi ukapiga makofi ya kumwomba. Amri alinyanyuka kwenye kiti, akapunga mkono kukataa, hakuonekana kwa sababu ya mataa. Bi Mwantum alitazama kipaza sauti. Kukataa kungetaka maelezo. Angelazimika kusema yule kijana ni nani na yuko wapi sasa, na maneno hayo yalikuwa mbali mno. Kulia kulikuwa karibu zaidi. Akafungua mdomo akalia.

Alilia chote, tangu jina refu mpaka jina la utotoni. Mbona hujaaga. Unaniacha na nani. Sauti ilitoka safi, ikapanda pale inapopanda na kukatika pale inapokatika, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, na ndani alikuwa akijisikiliza kama mtu anayesikiliza mashine ya kukoboa mpunga ya mtu mwingine. Alipomaliza akafunga mdomo. Ukumbi mzima ulisimama. Walipiga makofi mpaka Bi Mwantum akashuka, akapita, akakaa, na bado wakapiga. Bi Sakarbai peke yake hakusimama. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili akaufinya kwa nguvu, na njia nzima ya kurudi, kutoka Dar mpaka Kibiti, bibi yule hakusema lolote. Asiyekuwapo kwenye gari lile hataamini, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili tu na kilio cha Bi Mwantum kiko kila mahali. Vijana walikikata wakakitia kwenye vichekesho vyao vya simu. Mtu sahani imemponyoka, kilio. Mtu timu yake imefungwa, kilio. Bi Mwantum alikwenda gengeni kununua nyanya, akakuta simu ya muuzaji inamlilia mwanawe. Akanunua nyanya. Wanawake waliokuwa wamemsema wakaja na hongera, wakataka kulishika sanamu, wakapiga nalo picha. Mwanawetu chumbani alikuwa na simu yake. Alikwisha kuona. Chakula alichopelekewa alikirudisha nusu.

Eda ikaisha. Mwanawetu akaoga, akavaa nguo ya rangi, wakaja wanawake wawili watatu kumwombea dua. Asubuhi iliyofuata Shaban alifika na bajaji, akaiacha inanguruma nje, akabeba godoro, akabeba sanduku. Bi Mwantum alikuwa kibarazani na ungo, anapepeta mchele wa kumfungia mkwewe aende nao kwao. Mwanawetu akatoka na mkoba wa mwisho, akapiga goti mbele yake.

"Mama, naondoka."

"Sawa, mwanangu."

Mwanawetu hakuinuka. "Hata leo huna neno?"

Bi Mwantum aliweka ungo chini. Alitazama mikono yake ilivyojaa vumbi la pumba. "Ninalo," akasema. "Siku ile nilipomfunua lilikuja. Lakini lilikuja lilelile la sinema, Mwanawetu. Maneno yaleyale, na nyie wote mmekaa mnanitazama. Nikaona haya. Nikasema mwanangu hastahili kuliliwa kwa mchezo, nitafute lingine. Nimetafuta mpaka leo. Sina. Nilikuwa na kilio kimoja nikakitoa siku ya upuuzi. Wale wa Dar waliponiambia lia nikalia, maana kile si cha mtu tena, ni kelele. Sikukataa kumlilia. Sina cha kumlilia."

Tangu mazishi alikuwa hajasema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Mwanawetu alikaa chini pale pale kwenye ngazi ya baraza, na nguo yake mpya, na vumbi.

"Mimi nina neno la Razaki nimelikalia," akasema baadaye. "Usiku ule wa sinema nilimnunia. Nilimwambia umejichuria. Yeye anacheka tu gizani. Halafu akanyamaza, akaniambia, Mwanawetu, tangu nizaliwe sijamwona mama akilia. Baba kafa, kapika. Mimi niliugua nikiwa mdogo nusura niende, akawa ananikorogea uji. Nilikuwa najiuliza siku yangu na mimi itakuwaje. Leo nimelala pale nimesikia mwenyewe, chote. Akasema, kumbe mama ananipenda namna hii." Alijifuta pua kwa mtandio. "Akasema watu wote wanaliliwa hawasikii, mimi nimesikia. Siku nikifa kweli msimsumbue. Mwacheni apike."

Bajaji ilinguruma. Kuku alikuja kwenye ungo akala, hakuna aliyemfukuza.

"Mbona hukuniambia?" Bi Mwantum akauliza.

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka ulie kwanza."

Bi Mwantum akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei. Kisha akauliza tena, polepole. "Alisema kumbe?"

"Alisema nini, mama?"

"Alisema kumbe. Kumbe mama ananipenda."

Mwanawetu akamtazama, akaelewa anachoulizwa, akatamani angelisema vingine. "Ndiyo," akasema. "Alisema kumbe."

"Kwa hiyo alikuwa hajui."

Mwanawetu alivuta mtandio usoni.

"Miaka yote hiyo mtoto hajui," Bi Mwantum akasema, na hapo sauti yake ikaharibika. Hapakuwa na jina refu wala jina la utotoni. Hapakuwa na maneno kabisa. Kilianza puani, kibaya, kikimkwama na kumsonga kama mtu aliyepaliwa na maji, mabega yakamruka, kamasi zikamtoka, na mikono ikawa inakwangua saruji ya baraza kutafuta pa kushika. Mwanawetu, aliyekuwa amekingoja kilio hicho tangu siku ya mazishi, hakuweza kukitazama. Aligeuza uso pembeni, akanyoosha mkono nyuma yake, akaushika ule wa mama mkwe wake.

Shaban alikuja mbiombio kutoka kwenye bajaji, akasimama mbele ya baraza. "Vipi, ndiyo kile cha kwenye simu?"

"Sicho," Mwanawetu akasema. "Zima bajaji, kaka. Leo siendi."